Mama Kebo, Fundi Aliyezivua Herufi Kofia

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, saa tisa na nusu alasiri, fundi mkuu wa kompyuta wa hospitali yetu atastaafu na kurudisha funguo za chumba cha seva, baada ya kuzibeba kwa miaka thelathini na mmoja, miezi minne na siku sita. Hizo siku sita amezihesabu mwenyewe. Idara ya Utumishi ilipoandika tano, aliwapelekea barua ya masahihisho siku hiyo hiyo, kwa hiyo tafadhali msomaji usizipunguze.

Kwenye orodha ya watumishi ana jina lake kamili, lakini hapa hospitalini hakuna anayelitumia. Tunamwita Mama Kebo. Jina alijitafutia mwenyewe, kwa sababu ukimpigia simu kwamba printa inatafuna karatasi, au skrini imekuwa ya bluu, au hata taa ya korido imezimika, jibu lake la kwanza ni lile lile: "Umeangalia kebo?" Mara nyingine anakuwa ameshakata simu kabla hujajibu. Kinachotuuma zaidi ni kwamba, mara tisa kati ya kumi, huwa ni kebo kweli.

Alianza kazi akiwa mpiga chapa wa Idara ya Kumbukumbu, enzi ambazo kila mgonjwa alikuwa na kadi ngumu kwenye droo ya mbao. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, ilikaa miezi mitatu ndani ya boksi kwa sababu kila mkuu wa idara alikuwa akimsubiri mwenzake aifungue. Yeye aliifungua wakati wa chakula cha mchana. Alipoulizwa ni nani aliyempa ruhusa, alisema boksi lilikuwa linamzuia kufika mezani kwake. Mwaka uliofuata alipelekwa kozi, akarudi na cheti, bisibisi na msimamo mkali kuhusu chai.

Hili la chai lazima lisemwe. Kikombe kikionekana karibu na kibodi kinataifishwa, awe mwenye nacho ni mfagizi au mganga mkuu. Wiki iliyopita alifungua kabati lake na kuturudishia vikombe ishirini na vitatu, kila kimoja kimebandikwa karatasi yenye jina la mkosaji na tarehe ya kosa. Daktari bingwa wa watoto alipata viwili. Kimoja alikuwa amekitafuta kwa miaka saba, na kwa muda wote huo alikuwa amemnunia muuguzi mmoja bure. Muuguzi huyo ameomba nimkumbushe daktari, hapa kwenye maandishi, kwamba bado anasubiri kuombwa radhi.

Ni Mama Kebo, akiwa na makarani wawili, aliyeingiza kwenye kompyuta orodha ya faili elfu sitini na mbili za wagonjwa. Faili zenyewe bado ni za karatasi, na zimepangwa kwa jinsi zilivyoingia. Bila kompyuta kukwambia rafu na namba ya boksi, unaweza kutafuta faili la mtu mmoja mpaka ukastaafu wewe. Programu inayotupa namba hizo ni ya maandishi matupu: skrini nyeusi, menyu imezungushiwa fremu ya mistari, unabonyeza namba basi. Wageni wakiiona huicheka. Mama Kebo huwauliza kwa upole kabisa hiyo yao yenye picha imekwama mara ngapi tangu asubuhi.

Sasa nije kwenye Jumatatu ile ya miaka miwili iliyopita, maana najua wengi mmefungua ukurasa huu mkiitafuta. Mimi ni karani wa kaunta ya kwanza ya kumbukumbu, nilikuwapo tangu mwanzo hadi mwisho.

Jumapili mchana alikuja peke yake kuisasisha seva yetu, ambayo inaendeshwa na mfumo wa Linux. Alikuwa ameiahirisha kazi hiyo kwa miezi kadhaa, akisoma maelezo yake kama mtu anayesoma mkataba wa nyumba. Seva haina skrini yake, basi akabeba skrini moja kutoka ofisini, akaichomeka, akamaliza kusasisha, akafungua menyu, akaiona imenyooka. Akaandika kwenye daftari lake neno moja, "Salama", akaenda zake nyumbani.

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi nikawasha mashine yangu nikapiga ukelele. Kila mahali palipokuwa na mstari wa fremu palikuwa pamejaa herufi a zenye kofia, zikifuatana na alama ambazo sijawahi kuziona hata kwenye kibodi. Menyu ilikuwa imesukumwa upande mmoja. Nikitafuta mgonjwa, jina lake linakuja, lakini namba ya rafu, ambayo hukaa mwisho kabisa upande wa kulia, ilikuwa imetupwa nje ya skrini. Mwenzangu wa kaunta ya pili alisema mashine yake imepata kiharusi. Zote kumi na moja zilikuwa hivyo hivyo.

Siku nyingine ningecheka. Siku hiyo mama yangu mzazi alikuwa amelazwa wodi ya upasuaji tangu alfajiri, utumbo umejisokota, na daktari alikuwa amesema wazi kwamba ikipita saa sita mchana hataahidi kitu. Shida ilikuwa moja. Miaka sita nyuma, katika upasuaji mwingine, dawa fulani ya usingizi ilitaka kumuua. Dawa gani, mama hakumbuki. Kikadi alichopewa kilipotea tulipohama nyumba. Jina la dawa lilikuwa ndani ya faili lake na faili lilikuwa kwenye rafu mojawapo kati ya rafu tisini. Daktari wa usingizi alisema hamgusi mgonjwa huyu mpaka alione faili, na kusema kweli alikuwa na haki.

Mama Kebo akafika, tochi ikining'inia shingoni. Akatazama skrini yangu kwa muda. Halafu akafanya nini? Akapiga magoti, akaingia chini ya meza kuangalia kebo.

Aliziangalia zote. Mashine kumi na moja, kebo moja baada ya nyingine, dakika hamsini nzima, huku mimi nimesimama pale natamani kumvuta miguu. Alipotoka alijikung'uta vumbi, akafungua daftari na kuandika: "Si kebo." Ukurasa huo upo, una tarehe na saa, na wafanyakazi wa maabara wamependekeza uwekwe kwenye fremu ya kioo.

Mtauliza kwa nini sikumwambia kwamba anayesubiriwa ni mama yangu. Kila mtu hapa anajua kwamba Mama Kebo hakubali mtu mwenye wasiwasi asimame nyuma yake akiwa kazini. Humtoa nje kwa maneno mazuri na kufunga mlango. Mimi nilitaka kubaki ndani, basi nikaumeza wasiwasi wangu, nikauliza tu kama kuna cha kubeba.

Wakati huo katibu wa hospitali alikuwa kwenye simu na mtaalamu wa kampuni ya nje, naye alikuwa na dawa moja tu: seva ifutwe yote, isimikwe upya kutoka nakala ya akiba, Jumatano jioni tutakuwa tayari. Katibu akaja na simu mkononi kuomba ufunguo wa chumba cha seva. Jumatano!

Mama Kebo hakuutoa ufunguo. Aliniambia nimsomee jina lolote kwenye skrini. Nikasoma. Namba ya mgonjwa je? Nikasoma. Tarehe ya kuzaliwa? Ipo. Ndipo akamgeukia katibu: "Bosi, majina mazima, namba nzima, mistari tu ndiyo mibovu. Kilichomo hakijaguswa. Sifuti kitu mimi." Katibu akataka kujua kama ana uhakika. Akasema hana bado, ila kufuta hakutampa uhakika huo.

Kisha akachukua penseli, akaanza kuhesabu zile herufi zenye kofia juu ya skrini, midomo ikicheza. Kila palipotakiwa kipande kimoja cha mstari palikuwa na alama tatu. Kila mara tatu. Akajipiga kofi la paji la uso. "Jana niliiona imenyooka," akasema, "kwa macho yangu haya!" Akachomoa skrini yangu akaikumbatia, nami nikabeba kibodi, tukaenda mbio hadi chumba cha seva. Namtaja hapa akiwa na miaka hamsini na minane na skrini kifuani, na bado aliniacha nyuma.

Akachomeka moja kwa moja kwenye seva. Menyu ikatokea imenyooka, fremu yake imara, kofia hata moja hakuna. Namba ya rafu ikakaa mahali pake.

Alinieleza kwa maneno ambayo nimeyashika hadi leo. Tangu sasisho, seva inaandika alama kwa mtindo mpya, na mashine zetu za kaunta bado zinasoma kwa mtindo wa zamani. Herufi za kawaida ni zile zile katika mitindo yote miwili, ndiyo maana majina hayakuharibika. Mstari wa fremu ndio uliobadilika: seva inaandika kimoja, kaunta inasoma vitatu, na hivyo vya ziada vinasukuma kila kitu kulia. Kumbe hakuna kilichoharibika. Walikuwa hawaelewani tu.

Mtu mwingine angekimbilia kurekebisha kaunta apate sifa. Yeye aliuliza kwanza: "Nani wa haraka kuliko wote?" Nikataja jina la mama, nikalitamka kama la mgonjwa yeyote. Sijui kama sauti ilinisaliti. Akaandika, akabonyeza, akasoma: rafu ya arobaini na moja, boksi la saba. Sikusubiri amalize neno la mwisho.

Faili lilikuwepo. Ukurasa wa nne, kwa wino mwekundu, jina la dawa limepigiwa mistari miwili. Saa nne na dakika kumi lilikuwa mikononi mwa daktari wa usingizi, naye akasoma, akatikisa kichwa, akarudisha kabatini chupa aliyokuwa ameshaiandaa. Ilikuwa ndiyo hiyo hiyo.

Niliporudi, Mama Kebo alikuwa kwenye mashine moja tu, ingawa makarani kumi walikuwa wanampungia mikono. Ndivyo afanyavyo kazi: kitu kimoja kwa wakati mmoja, kikiandikwa daftarini, na kisiposaidia kinarudishwa kilivyokuwa. Alibadilisha aina ya maandishi ya skrini, hakuna kitu, akarudisha. Akabadilisha namna mashine inavyosoma alama, mtindo mpya badala ya wa zamani, na kofia zote zikaanguka mara moja. Hapo ndipo akaenda kwenye nyingine. Kabla ya saa sita kaunta zote zilikuwa zinafanya kazi, na kikombe kimoja cha chai kilikuwa kimetaifishwa.

Katika kikao cha Jumanne alisimama bila kuitwa, akasema kosa ni lake. Alijaribu menyu kwenye seva, hakuijaribu kaunta. Katibu akajaribu kumtetea, akakatazwa. Tangu siku hiyo kuna sheria kwamba sasisho halihesabiwi limekwisha mpaka karani afungue menyu mezani kwake na kutia sahihi. Sahihi yangu iko mara kumi na tisa, na kila mara aliniuliza kama nimeangalia kebo.

Anayeshika nafasi yake amekabidhiwa daftari kumi na nne na tochi mpya. Mume wa Mama Kebo, aliyekuwa dereva wa gari letu la wagonjwa, amekiri kwamba ana wasiwasi: mkewe ameshabandika namba kwenye kila waya wa nyumba, ukiwemo wa pasi, na wajukuu hawaruhusiwi tena kunywa maziwa karibu na televisheni. Tunampa pole, lakini zamu yetu tumeimaliza.

Mama Kebo, kwa hayo yote, ahsante sana. Tunakutakia miaka mingi yenye afya, simu isiyolia alfajiri, na vifaa vinavyoharibika kwa sababu nyepesi. Tutakukumbuka, na sisemi hivyo kwa adabu ya sherehe. Mimi nitakukumbuka maisha yangu yote.

Miaka miwili hii sikuwahi kukwambia lile lilikuwa faili la nani. Ijumaa hiyo, kwenye sherehe ya kukuaga, mgonjwa mwenyewe nitakuja naye. Atakuwa safu ya tatu, karibu na mlango, amejifunga kitambaa cha kijani kichwani, na tangu nimwambie habari hii ananiuliza huyo fundi ni yupi. Ukishuka jukwaani, kabla ya bosi na kabla ya picha, naomba uanzie kwa mama.