Fundi Aliyesoma Kila Alichokishona

Marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu wa fundi rangi na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alimaliza darasa la saba mwaka 1971, na nafasi ya kuendelea haikupatikana. Siku ya mwisho mwalimu wake alimwachia kitabu cha hadithi kisicho na jalada. Shangazi anasema alikisoma kwa sauti mpaka nyumba nzima wakakijua kwa moyo bila kukishika.

Mwaka 1974 mjomba wake alimfundisha kujalidi vitabu, na kuanzia 1983 alikuwa na chumba chake cha kazi mkabala na lango la chuo. Hakuweza kushona karatasi bila kuzisoma. Safari moja alinogewa na riwaya ya mwalimu mmoja, akaruka mbele kutazama mwisho, kisha akashona mafungu ya kurasa kama yalivyokuwa yamelala mezani. Mwalimu alirudi amefura.

"Fundi, mbona muuaji anakamatwa kabla hajaua?"

"Samahani, mwalimu. Uvumilivu ulinishinda."

Akakifumua kitabu chote, akakishona upya.

Tarehe 8 Desemba 1990 alimwoa mama yetu, muuguzi aliyempelekea rejista ya wodi ijalidiwe. Mama hachoki kusimulia: "Rejista moja, mwezi mzima! Kila nikienda, eti gundi haijakauka." Walijaliwa watoto wawili, kaka yangu na mimi kitindamimba.

Nilisomea fasihi katika chuo hichohicho. Mei 2019 mimi na wenzangu watatu tulitumwa kwake kuchukua nakala za diwani ya mashairi ya wanafunzi. Alikuwa ameshaisoma. Alifungua shairi la mama anayekunja nguo za mtoto aliyehama, ambalo darasani tulilipita haraka kwa kuliona jepesi.

"Tazameni," alisema. "Hasemi popote kwamba analia. Lakini shati moja amelikunja mara tatu. Ni mikono isiyotaka kumaliza."

"Loo, kumbe fundi naye mhakiki!" mwenzangu mmoja akacheka, kisha akanigeukia. "Unamfahamu?"

Nikasema, "Ni fundi tu wa hapa."

Marehemu alisikia. Alitufungia vitabu kwa kamba, akasema, "Karibuni tena, wateja." Nyumbani hakumwambia mama, wala mimi hakuniuliza kitu.

Mwezi uliofuata niliyaandika maelezo yake katika insha ya mtihani, nikayafanya yangu. Insha ilipata tuzo, ikachapishwa katika jarida la chuo, na ndiyo iliyonipatia kazi ya kufundisha. Marehemu aliomba aisome. Alipofika kwenye lile shati alisita kidogo, akaendelea mpaka mwisho, akanirudishia.

"Umeandika vizuri, mama."

Tangu hapo nilikuwa na miaka minne ya kumwomba radhi.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2022. Wodini alipenda nimsomee, na kila baada ya kurasa chache aliuliza, "Hapo mwandishi ameficha nini?" Mgonjwa wa kitanda cha pili naye akazoea kujibu, na mara nyingi alinishinda mimi mwenye shahada. Siku nyingi nilifungua mdomo niseme, nikaishia kufungua ukurasa mwingine. Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 6 Juni 2023, tukiwa tumebakiza sura mbili.

Mhadhiri wangu yuko hapa leo. Mwalimu, maelezo uliyoyasifu si yangu, ni ya marehemu. Jarida nimeshaliandikia barua. Na ninyi wenzangu mliofika, yule fundi alikuwa baba yangu. Aliyoyasema siku ile yamechapishwa ukurasa wa nyuma wa karatasi mliyoishika, na chini yake pana jina lake.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu wawili na dada mmoja.

Nisamehe, baba. Pumzika kwa amani.