Taa Mpya za Chumba cha Rangi

Mgeni rasmi, karibu Kiwanda cha Nguo Bondwa, na pole kwa vumbi. Sisi wa Chumba cha Rangi tumeagizwa tusome mazuri tu. Tutajitahidi.

TULIKOTOKA
Kabla ya kiwanda kubinafsishwa tulikuwa na desturi yetu. Kitambaa kikishatiwa rangi, wawili kati yetu walikibeba hadi mlango wa nyuma, unaotazama Uluguru, wakakilinganisha na kipande cha mfano kwa mwanga wa mchana. Mawingu yakishuka mlimani, tulisubiri. Hakuna aliyetuita wavivu.

MAFANIKIO
Mwekezaji ametufungia taa za manjano kama za barabarani. Zinakula umeme kidogo, na sindano ikianguka utaiona. Tunashukuru.

CHANGAMOTO
Mlango wa nyuma sasa una kufuli, eti tutaiba vitambaa. Rangi tunalinganisha chini ya taa hizi hizi. Mheshimiwa, mwanga mwingi si lazima uwe mwanga mzuri. Wataalamu huzipa taa alama kwa jinsi zinavyoonyesha rangi: mchana hupata mia, hizi zetu hazifiki thelathini. Humu nyekundu inakuwa kahawia, na buluu inakaribia nyeusi. Tena tangu soko lifunguliwe, dawa za rangi zinatoka kila upande. Majora mawili ya dawa tofauti humu ndani ni pacha. Yakifika juani, kila moja na baba yake.

Tumesema mpaka midomo imekauka. Injinia wa kiwanda alileta kipima mwanga, akasema mwanga unatosha. Kipimo chake kinapima wingi, hakijui rangi. Tulipomweleza, alijibu, "Mama zangu, nendeni mkapimwe macho."

Mwezi uliopita sare za shule zilirudishwa kutoka Mkuyuni, sketi za rangi mbili. Barua ya kufukuzwa akapewa mwenzetu Eufrazia, amebakiziwa wiki moja tu. Jamani, sote tulikagua naye, hatukuona tofauti. Huo ni uonevu, na tumechoka nao.

MAOMBI
Leo hatuombi mshahara. Tunaomba mlango ufunguliwe na barua ya Eufrazia ifutwe.

Mwisho, hilo shati tulilokuvisha humu hivi punde. Mwili umetoka jora moja, mikono jora jingine. Tuliomba ufunguo tukalitazame nje kwanza, tukanyimwa. Injinia amelikagua mwenyewe, akasema ni rangi moja.

Wapiga picha wanakungoja uani. Tunakuomba radhi mapema. Mungu akujalie afya, na ukifika juani, tafadhali mwite Injinia asimame karibu yako.

Ni sisi, wafanyakazi wa Chumba cha Rangi, Morogoro.
Imesomwa na Shamimu Mkude.