Fomu ya Mama

Benchi letu liko kati ya kinyozi na duka la simu, mguu mmoja umetiwa tofali. Leo kahawa ilikuwa inapoa vikombeni. Pindo, fundi cherehani, alikuwa na fomu ya hospitali gotini: madaktari wanataka mama yake aingie kwenye utafiti wa dawa mpya ya saratani ya titi. Mwisho wa kuirudisha ni leo saa sita, na sahihi iwe ya mgonjwa mwenyewe. Sasa mgonjwa mwenyewe hajui kitu. Wanawe wamemwambia ni uvimbe wa mafuta tu, na sisi wote tumeapishwa tusifungue mdomo. Mimi mshona viatu jambo hili lilinikera tangu mwanzo, lakini nilinyamaza kama wenzangu.

— Saini wewe, yaishe, — alisema Redio, fundi simu, asiyepitwa na habari. — Ukimchunguza sana bata, humli.

— Ili mama wa watu awe panya wa maabara? — alifoka Breki, dereva mstaafu.

— Panya walishamaliza zamu yao, Breki! Zamani walikuwa wanakata tu. Ikaja mionzi, wagunduzi wenyewe wakaungua vidole. Halafu ikaja gesi ya vitani.

— Gesi?

— Gesi ya sumu! Madaktari wakaona inaua chembe nyeupe za damu, wakasema basi, iue na saratani. Humo ndimo zilimotoka hizi dawa za dripu. Siku hizi wanaufundisha mwili umtambue adui wenyewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Porojo! Saratani ina masikio. Ukiitaja jina, inaamka. Unadhani madaktari wa zamani walikuwa wanawaficha wagonjwa kwa nini?

— Na hao waliofichwa walipona wangapi? — niliuliza.

— Wewe shona viatu!

— Nyamazeni! — Pindo alipaza sauti. — Saa tano na nusu hii. Nikisaini dawa ikamdhuru, nimemuua mimi. Nisiposaini na kumbe ingemponya, nimemuua mimi. Semeni basi!

— Tupige kura, — alisema Breki.

Tukapiga, Mungu atusamehe. Redio: asaini. Breki: asisaini. Wote wakanigeukia mimi.

— Hamjambo hapo?

Mama yake Pindo alikuwa nyuma yetu, kapu mkononi. Hakuna aliyemwona akija.

— Shikamoo mama! — tuliamkia kwa pamoja, kama watoto wa shule.

— Marahaba. Kelele zenu nimezisikia tangu kule kwenye kona. Nani anaumwa?

Breki aliinama kufunga kamba za viatu, na miguuni ana kandambili. Redio alipuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Pindo akasogea pembeni, mkono umeifunika fomu.

— Karibu ukae, mama.

— Sijauliza pa kukaa, mwanangu. Nimeuliza nani anaumwa.