Dawa Juu, Ukungu Chini

Wenzangu wa kikundi, nimefurahi kuwaona. Msinisukumie kiti, nitasimama tu. Na mkiona naangalia dirishani, ni hayo mawingu, sijawadharau.

Mnajua msimu wa juzi ugonjwa wa ukungu ulichoma viazi vyangu vyote. Nilibaki bila hata mbegu. Msimu uliofuata nikapanda za kuombaomba, na nikawaza, hizi nazo zikienda, watoto watakula nini? Usingizi ukaniisha. Kila alfajiri niko shambani nageuza majani. Mzee wangu akaniambia, "Mama, wacha kuamsha viazi."

Dawa tulikuwa tunapiga kwa ngwatio, kusaidiana kwa zamu, sisi akina mama, pampu mgongoni, leo kwa huyu, kesho kwa yule, kwangu mwisho kwa sababu niko karibu na msitu. Matope mpaka magotini, sketi zinapangusa kila jani. Halafu nikaona madoa meusi yakifuata palepale tulipopita. Ndugu zangu, nawaambia, nilikasirika. Tulikuwa tunaleta kwangu ugonjwa wa kila shamba, na bado nawapikia chai!

Nikatoka kwa ngwatio, nikaita mtu wa droni. Ile ndege ndogo ilimaliza shamba kabla chai ichemke, hakuna buti wala sketi. Jirani yangu akasimama kwa ua. "Ati siku hizi unapigiwa dawa na mbu?" Mimi nikacheka, nikijua nimeshinda.

Baada ya siku chache nikageuza jani. Juu safi, chini unga mweupe. Majani yalikuwa yamefungana sana, dawa ya droni ikabaki juu. Niliketi hapo kwa matope nikalia.

Ni jirani yuleyule, mwenye mdomo, aliyenikuta. Hakunicheka. Alisema tu, "Juu pamepigwa. Sasa chini nani atapiga?"

Wakaja akina mama wa ngwatio, wote niliowakimbia, na mko hapa leo. Safari hii niliweka beseni ya maji ya sabuni mlangoni. Wakaosha buti, wakafunga sketi juu, wakaanza upande mzima wakamalizia ule mgonjwa, mdomo wa pampu ukielekea juu kutoka chini ya majani. Nilipoteza upande wa msituni, lakini nilivuna, na mbegu niko nazo.

Asanteni, akina mama. Mlikuja na sikuwa nimewaomba msamaha, hiyo haijanitoka moyoni. Mkiniuliza droni ama pampu, mimi nasema: matope yakizidi, usikanyage, ita droni. Pakikauka, beba pampu utafute ukungu chini ya jani. Na kila mara tuanze kwa shamba lisilo na ugonjwa, lenye ugonjwa liwe la mwisho.

Sasa tutoke tukapige dawa, mvua inakuja. Leo asubuhi nimeona doa moja kwangu. Kwa hivyo niwekeni mwisho, nimeomba mimi mwenyewe. Chai mtaikuta.