Ufunguo wa Bomba Ulikuwa Shingoni Mwangu

Ndugu zangu, jina la Bwana lisifiwe! Lakini leo "amina" zenu naomba mzitunze mpaka nimalize, maana sehemu ya ushuhuda huu inawahusu nyinyi, na wengine hamtaipenda. Mchungaji ameniambia niandike kwanza, nisije nikakasirika nikapotea njiani. Nimeandika. Hasira ipo palepale.

Mimi ni Mama Eliza, mke wa Stefano, tunalima zabibu na uwele. Nilimaliza kidato cha nne, na kwa sababu hiyo mkanichagua kuwa katibu wa kamati ya maji. Kijiji chetu kina bomba moja tu la maji safi, lile la pampu ya sola karibu na zahanati. Ufunguo wa kofuli lake nilikuwa nao mimi. Niliutungia uzi nikauvaa shingoni, hata nikinyonyesha ulikuwa hapo.

Mnakumbuka ng'ombe wa wafugaji wa ng'ambo ya korongo walivyoingia mashambani. Yona, mdogo wake mume wangu, alikwenda kuwafukuza akachomwa mkuki, akafia palepale kwenye uwele wake. Hilo tunalisema kila mahali. Tusilolisema ni kwamba baada ya kumzika tulivuka korongo tukachoma nyumba za wafugaji. Nasema tulichoma kwa sababu mafuta ya taa niliyabeba mimi. Haya, nimesema.

Kisha tukaweka miiba. Matawi ya migunga, marundo kwa marundo, tukaziba njia yote ya kuvuka korongo ili ng'ombe wasipite. Mwenyekiti akatangaza kuwa mfugaji asichote maji bombani hata kikombe, nami nikaandika kibao kwa rangi nyekundu, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule: WA NG'AMBO MARUFUKU. Nesi wa zahanati alipouona moshi wa nyumba zile alifungasha akarudi mjini. Nani amlaumu? Zahanati ikabaki na popo. Watoto wetu wakakosa chanjo, wajawazito wakajifungulia nyumbani, na bado tukatembea vifua mbele kwamba tumeshinda!

Wafugaji wakawa wanakunywa maji ya lambo, lile bwawa lao, pamoja na mifugo yao. Kipindupindu kilipoingia huku kwetu, kilianzia kwao. Bwana afya akaja na pikipiki, amefungashia ndoo za koki na sabuni, akatukusanya humu humu kanisani.

"Naweni mikono kwa maji safi," akasema. "Na lile bomba lifungueni kwa watu wote, wa ng'ambo pia. Wakiendelea kuugua wao, mtaugua na nyinyi."

Mzee mmoja, simtaji na yupo hapa, akauliza kutoka nyuma: "Bwana afya, na ng'ombe wao tuwape sabuni?"

Kanisa zima likacheka. Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu. Bwana afya akanitazama shingoni, akasema, "Dada, ufunguo si huo?"

"Ndio huu," nikamjibu. "Na wewe kaka, kwenu hamjazika mtu."

Akaacha ndoo zake akaondoka. Moja ndiyo ile pale mlangoni.

Ndugu zangu, haikupita muda pampu ikaharibika. Tukampigia fundi simu. Akasema kwenu huko nitakuja mkimaliza kupigana. Basi nikawa nimevaa ufunguo wa bomba kavu. Tukashuka korongoni kuchimba mchangani, na maji yale, kila mtu anajua, yanavuja kutoka lambo la wafugaji. Yaani tuliwanyima maji yetu, halafu tukanywa ya kwao. Kuni zilikuwa shida, wengi hatukuchemsha. Mimi sikuchemsha.

Asubuhi moja Eliza akaanza kuharisha. Maji matupu, meupe kama uliyooshea mchele. Hana hata miaka miwili. Kufika saa nne macho yalikuwa yameingia ndani, na ngozi ya tumbo nikiivuta inabaki imesimama. Stefano alikuwa ameshapeleka zabibu mjini, soko la Majengo. Nikapiga simu ya gari la wagonjwa. Dereva akafika haraka kuliko nilivyotegemea, lakini akafika ng'ambo, kwenye shule ya wafugaji, ambako serikali ilikuwa imeweka mahema ya matibabu.

"Mama, siwezi kuja huko," akasema kwenye simu. "Njia imezibwa na miiba, na kuzunguka kutachukua saa nyingi. Nani kaweka miiba barabarani?"

Nikakata simu.

Nikamfunga Eliza mgongoni. Mama mkwe akanishika kanga. "Kwa wale waliomuua Yona? Utarudi na maiti."

"Mama," nikamwambia, "nikikaa hapa maiti ninayo."

Nikashuka korongoni. Miiba ile tuliipanga vizuri, ndugu zangu, tuliipanga kwa chuki. Nikamtoa mtoto mgongoni, nikamkumbatia kifuani, nikaingia kinyumenyume. Hizi alama za mikononi mnazoziona ndizo. Nililia, "Yesu, nipitishe tu, mengine tutaongea!" Sikuwa na sala nyingine.

Kwenye mahema wauguzi walikuwa wawili na wagonjwa wamejaa mpaka nje. Mwanamke wa kifugaji ndiye aliyenipokea, Mama Nashipai. Yeye si nesi, alikuwa anasaidia tu. Akampakata mtoto, akaanza kumpa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Anatapika, anampa tena. Mimi nikainama kumfuta, na ufunguo ukaning'inia mbele ya uso wake.

Akautazama. "Huo ni wa bomba?"

"Ndiyo."

Kijiko kilikuwa hewani. Kisha akasema, "Mshike kichwa vizuri, maji yanamwagika."

Nesi alipokuja kuweka dripu akaninong'oneza kwamba mtoto wa mama huyu alifia kwenye hema hilohilo wiki iliyotangulia. Naye aliugua kwa maji ya lambo! Nikageuka nimwambie neno, sijui neno gani. Akanikatiza. "Baadaye. Sasa mpe kijiko."

Saa kumi jioni Eliza alilia, na machozi yakatoka. Nesi akasema machozi ni dalili nzuri, maji yamerudi mwilini. Ndugu zangu, nilimpigia Bwana vigelegele kwenye hema la watu niliowachomea nyumba!

Tulipotoka nilimpigia bwana afya nikamwomba radhi. Hakunisema. Alikuja na fundi mwenyewe, wakazunguka kwa njia ndefu, pampu ikatengenezwa. Maji yalipotoka nikang'oa kibao, nikafungua kofuli, na kofuli pamoja na ufunguo nikavitumbukiza kwenye choo cha shimo. Anayevitaka avifuate.

Mwenyekiti alikuja anafoka. "Umevunja azimio la mkutano!"

"Ndiyo, baba. Shikamoo."

Mpaka leo hajaitikia.

Watu wananiambia, Mama Eliza, Mungu amemponya mwanao. Kweli, amemponya, na nitamshukuru mpaka nife. Lakini mimi alinitoa kwenye kile kicheko cha siku ile humu kanisani, na wengine bado mmo. Nina hasira na nyinyi. Nina hasira zaidi na mwandiko wangu, maana kuna mtoto yuko kaburini kwa sababu mama yake alijua kusoma kile kibao. Yona simsahau. Aliyemchoma mkuki ashtakiwe, nitakwenda mwenyewe mahakamani. Lakini hakuchomwa na Mama Nashipai, wala na mtoto wake.

Wafugaji sasa wanachota bombani, wanazunguka kwa mguu kutwa nzima kwa sababu njia bado imezibwa. Bomba nililifungua peke yangu. Miiba siiwezi peke yangu, nimejaribu.

Kwa hiyo, anayemwamini huyu Mungu niliyemshuhudia, kesho asubuhi aje korongoni na panga na glavu, au hata na matambara ya kujifungia mikono. Mama Nashipai amesema watu wake watavuta kutoka upande wao. Nimemwambia tutakuja wengi.

Msinifanye mwongo mbele ya yule mama.