Kipa Aliyeruka Kulia

"Katika mji huu hakuna atakayenifunga penalti, awe hai au awe maiti." Maneno hayo aliyatamka marehemu Fidencio Arriaga Luna mwaka 1959, mbele ya kanisa, akiwa amesimama juu ya kreti ya bia siku ya sikukuu ya somo wa mji wetu. Padre akamwambia, "Kijana, shuka, na hilo la maiti ulifute." Alishuka. Hakulifuta.

Marehemu alizaliwa tarehe 16 Novemba 1938 hapa hapa Santa Rufina, jimbo la Zacatecas, mtoto wa tatu wa Don Anselmo, mchimbaji, na Doña Petra, aliyeuza gorditas, vimkate vinene vya mahindi, mlangoni mwa mgodi. Alisoma mpaka darasa la nne. Mwalimu aliandika kwamba mtoto ana mikono mizuri. Kuhusu kichwa alinyamaza.

Aliingia mgodini mwaka 1954. Miaka mitatu baadaye yeye na wenzake waliunda Klabu ya Santa Rufina, wakasawazisha kwa sururu uwanja wa kifusi, ule ule unaowachuna wageni magoti mpaka leo. Mshambuliaji alikuwa rafiki yake, Crescencio Olague. Penalti zote alizipiga kushoto kwa kipa. Makipa wote walilijua hilo, na bado aliwafunga.

Tarehe 30 Mei 1964 marehemu alifunga ndoa na Doña Amparo Villalpando. Wiki mbili baadaye, Ijumaa, baada ya mazoezi, Crescencio aliweka mpira chini.

"Nikikufunga, Jumapili unakwenda misani na gauni la mama yako."

"Na nikidaka, compadre?"

"Ukidaka, zamu yako ya kesho nashuka mimi. Wewe baki na bibi harusi, maana mgodini unasinzia tu."

Fidencio aliruka kushoto, akadaka. Jumamosi handaki liliporomoka. Crescencio hawajamtoa mpaka leo.

Tangu hapo, kabla ya kila mechi ya nyumbani, mpira huwekwa kwenye alama ya penalti, refa hupuliza filimbi, na hakuna anayeupiga. Hiyo ni penalti ya Crescencio. Marehemu alisimama golini na kuruka. Siku zote kulia.

"Babu, ruka kushoto basi," tulimtania. "Mji mzima unajua anapiga wapi."

"Hata mimi najua," alijibu akijikung'uta vumbi. "Niliwahi kuruka kushoto."

Mgodi ulipofungwa, vijana walihamia Dallas. Mwaka 1991 klabu ilibaki na wachezaji kumi. Marehemu, wakati huo mwenyekiti, akaandika jina la kumi na moja: Olague. Ofisa wa ligi akauliza huyo yuko wapi. "Chini," akajibu. Tulinyang'anywa pointi tatu, na hakukata rufaa.

Vumbi la mgodi lilimkaa mapafuni. Miaka miwili ya mwisho tulimbeba golini kwenye kiti, na filimbi ikilia aliegemea kulia. Jumapili ya tarehe 24 Februari mwaka huu wa 2019, mpira ulitulia palepale kwenye alama, lakini wavu wa kushoto ulivimba. Upepo haukuwepo. Wageni walianza kukusanya mabegi yao. Marehemu aligeuza shingo, akautazama wavu.

"Bao," alisema. "Nirudisheni nyumbani."

Alifariki kitandani kwake tarehe 4 Machi, Doña Amparo akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, binti wawili, Socorro na Eulalia, mwana mmoja, Anselmo wa Dallas, wajukuu saba, mmoja wao akiwa na diploma ambayo bado iko njiani, na timu inayoshika mkia.

Wachezaji wetu wakifariki huagwa kwa kudundisha mpira kwenye jeneza mpaka uingie wavuni. Yeye aliagiza jeneza lilazwe golini, upande wa kulia, na mpira uachwe kwenye alama bila kuguswa na mtu. Bwana ampokee, na huko asipangiwe zamu.

Baada ya mazishi tunacheza na Ojo Seco. Kiingilio ni peso ishirini.