Kamba ya Kijani

Pale Masumbwe, mkabala na karasha la kusaga mawe, kuna benchi refu ambalo halijawahi kukosa wabishi. Muuza kahawa ni Masudi. Wanywaji ni Bujiku, aliyebatizwa Redio kwa sababu hazimi. Marselino, fundi wa karasha, wanamwita Injinia. Na Kalisti, yaani Kipimo, anayejidai kulijua jiwe lenye dhahabu kwa kulilamba tu. Mwenzao Ngusa hajaonekana tangu Jumatatu, na leo Alhamisi. Hata turubai la kivuli limelegea. Pembe yake moja imefungwa kwa mpira wa baiskeli, maana kamba yake ya kijani haipo. Aliyeichukua ni Kalisti, na hajamwambia mtu.

— Yule mzee wa Ngokolo, kule Shinyanga, bado yuko porini, Redio alianza. Tangu Jumamosi, yeye na darubini yake!

— Anatafuta ndege, Masudi akasema. Mwalimu Sostenes, mstaafu. Kaniambia mwenyewe. Tai mwenye kichwa cheupe, eti wamebaki wa kuhesabu.

— Ndege! Injinia akacheka. Nani apande basi kutoka Shinyanga kuja kutazama ndege? Ile darubini inapenya udongo, inaona mwamba wa dhahabu. Si Kipimo ndiye aliyetuambia?

Kalisti akanywa kahawa iliyokwisha kupoa. Ndiyo, alisema yeye, tena kwa mbwembwe. Jumatatu akamwonyesha Ngusa mti mkavu aliokuwa akiutazama mwalimu, akampa kamba na chakula cha siku mbili. Chimba usiku, kimyakimya, alimwambia, tutagawana.

— Mimi nasema ni tai mwenyewe, Redio akadakia. Ananusa dhahabu. Anapotua, hapo hapo pana mwamba.

— Bebe, wewe! Injinia akasema. Dhahabu ina harufu gani?

— Muulize Kipimo, si anailamba!

Wakacheka. Kalisti hakucheka.

— Chekeni tu, Masudi akashusha sauti. Jana mke wangu alipita kule kutafuta kuni. Anasema yule tai hatazami mbuzi wala watu. Anatazama chini ya mti, kainamisha kichwa kama anayeitwa.

— Basi huyo si ndege, Redio akanong'ona. Ni mtu. Wa lile duara la wachimbaji lililoporomoka mwaka ule. Hawakutolewa wote.

Ng'ambo ya barabara karasha likazimwa, na kimya kikawa kikubwa kuliko walivyokizoea.

— Ngusa angetupa habari kamili, Injinia akasema. Hivi yuko wapi?

— Kishapu, Kalisti akajibu haraka. Kwa mama yake.

— Simu haipatikani.

— Kule mtandao unasumbua.

Jana alikwenda mwenyewe hadi karibu na ule mti. Tai aligeuza kichwa, akamtazama sana, kisha akarudi kutazama chini. Kalisti akageuka, akakimbia. Tangu hapo hali, halali, anajionea aibu.

Ndipo mwalimu Sostenes akatokea, darubini kifuani, vumbi hadi magotini.

— Shikamoo, mwalimu.

— Marahaba. Masudi, nipe kikombe.

— Umempata ndege wako?

— Nimempata, alisema, lakini uso wake haukuwa wa mtu aliyepata. Siku zote hizi namsubiri ashuke, hashuki. Leo mchana kashuka.

— Kwani anakula nini? Redio akauliza.

— Mizoga, baba. Hatui chini bure. Amesimama ukingoni mwa shimo jipya, pale chini ya mti. Nilimfukuza, akaruka hatua mbili, akarudi. Nikaita mle ndani, sikujibiwa.

Injinia aliweka kikombe chini taratibu.

— Kuna kamba imefungwa kwenye shina, imeingia shimoni, mwalimu akaendelea. Ya kijani. Nimeivuta, imekaza. Nimekuja kuuliza, ni ya nani?

Masudi alikuwa akimimina, akasahau kuacha. Kahawa ikafurika mkononi mwake. Redio alizima. Mmoja mmoja wakainua macho kwenye ile pembe ya turubai iliyofungwa mpira, kisha wakayashusha kwa Kalisti.